Kitanda na Chai ya Asubuhi: Safari Yetu ya Usambara na Kilimanjaro

*Mwenye kutueleza habari hizi alikuwa karani wa maghala bandarini Kilindini kwa miaka 31, na sasa ni mkulima katika skimu ya Shimba Hills, Kwale. Yeye na mkewe walisafiri siku tisa katika nchi jirani ya Tanzania, wakilala kwa malipo katika nyumba za mashambani. Tumemwomba awaeleze wakulima wenzake aliyoyaona, maana wengi wametuuliza kama kupokea wageni shambani kuna faida.*

Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Methali hii nimeisikia tangu utoto wangu katika Mji wa Kale, Mombasa, na siku zote nilidhani kuwa maana yake ni kumwondoa mgeni kwa adabu. Sasa najua kwamba wako wageni wasiongoja siku ya tatu. Waomba jembe asubuhi ya kwanza, tena wanalipa.

Ndugu wakulima, kwanza niwaeleze jinsi safari yetu ilivyotokea. Kilindini nilifanya kazi ya kuhesabu. Mahali pale pamepata jina lake kwa kina cha maji, na kwa sababu ya kina hicho meli kubwa za ulimwengu huweza kufunga gatini karibu na nchi kavu. Nilihesabu makasha ya majani ya chai, na magunia ya kahawa ya Kenya na ya Uganda, kila gunia kilo 60. Meli za watalii nazo zilikuja. Abiria waliteremka, wakapanda mabasi, wakaenda zao hotelini au mbugani. Sikupata kujiuliza hata siku moja kama mkulima naye aweza kuwauzia watu wale chai ya asubuhi.

Nilipostaafu, mimi na mke wangu tulihamia shamba aliloliacha baba mkwe wangu, ekari 10. Tuna minazi, michungwa, mikorosho, mbaazi na mihogo, na ng'ombe wawili wa maziwa. Shamba letu haliko mbali na Hifadhi ya Taifa ya Shimba Hills, iliyotangazwa mwaka 1968, ambayo hujulikana kwa ndovu na kwa palahala, mnyama ambaye katika Kenya yote amebaki huko tu. Basi wageni hupita njia yetu.

Kijana wetu, ambaye hufanya kazi mjini, aliona wageni hao akaja na shauri. Alitaka tupeleke hati ya shamba benki, tukope shilingi milioni 2, tujenge vyumba 8 vya kulaza wageni. Ramani alikuwa nayo mkononi. Mimi, nasema kweli, nilivutiwa sana. Lakini mke wangu aliiangalia ramani ile kwa muda mrefu, kisha akasema, "Baba yangu alifyeka msitu, akalipa deni la skimu miaka mingi ndipo akaishika hati hii. Kabla hatujaitoa mkononi, twende kwanza tukalale kwa wale waliokwisha jenga."

Ndiyo ikawa sababu ya safari.

Desturi ya zamani

Watu wengine husema kwamba kumlaza mgeni kwa faida ni mambo ya Kizungu. Mimi nimezaliwa Mji wa Kale na nasema sivyo. Babu zetu walingoja majahazi yaje na upepo wa kaskazi kutoka Arabuni. Nahodha na wafanya biashara hawakuweza kurudi mpaka upepo wa kusi uvume, basi walikaa mjini miezi kadha wa kadha. Walihitaji mahali pa kulala, chakula, na mtu mwaminifu wa kuwaongoza katika biashara.

Msafiri Ibn Battuta wa Moroko alipita pwani yetu mwaka 1331. Aliandika kwamba chombo kilipofika Mogadishu, vijana wa mjini walikwenda kukilaki katika mashua ndogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimpa mfanya biashara mmoja sahani yake na kusema, "Huyu ni mgeni wangu." Tangu hapo mgeni yule alikaa katika nyumba ya mwenyeji wake, na mwenyeji akamuuzia bidhaa zake na kumnunulia alizotaka. Kisha Ibn Battuta akaja Mombasa, akalala usiku mmoja, akaandika habari za ndizi zetu na samaki wetu. Hivyo chakula cha mwenyeji ni kitu ambacho msafiri hakisahau, hata akiandika kitabu.

Miche sitini na miwili

Tulianza safari mwezi wa Agosti. Tulilala kwanza Mombasa kwa shemeji yangu, tukavuka feri ya Likoni alfajiri, tukafuata barabara ya pwani mpaka Lunga Lunga. Mpakani tulionyesha pasi zetu na kadi za chanjo ya homa ya manjano, tukaingia Horohoro upande wa Tanzania. Kutoka hapo mpaka Tanga ni kiasi cha kilomita 65, barabara ya lami.

Mkoa wa Tanga ni nchi ya mkonge. Mmea huu uliletwa huko mwaka 1893 na mtaalamu wa Kijerumani, Richard Hindorf. Aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, lakini mingi ilikufa njiani, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo yakaenea mashamba ambayo baadaye yaliifanya Tanganyika ijulikane duniani kwa mkonge. Nilimweleza mke wangu habari hii ndani ya basi, naye akasema, "Kama mkonge wote huu ulianza kwa miche 62, sisi kwa nini tuanze na vyumba 8?" Nikacheka tu, nisijue la kumjibu.

Jemu ya mwezi wa Agosti

Kutoka Mombo gari lapanda milima ya Usambara kwa kona nyingi, lapita Soni, hata kufika Lushoto. Mji huu katika enzi ya Wajerumani uliitwa Wilhelmstal. Uko kiasi cha mita 1,400 juu ya bahari, na mwezi wa Agosti ni baridi sana kwa mtu wa pwani. Tulishuka tumejifunga kanga za mke wangu shingoni, mimi pamoja naye, na watoto wa stendi wakatucheka.

Mwenyeji wetu alikuwa mama mmoja mjane, mkulima wa kabichi, karoti na viazi. Shamba lake liko katika mteremko mkali, nalo limekatwa matuta ya ngazi ili mvua isichukue udongo. Alitupokea kwa neno "Shikamooni," kwa kuwa tulimzidi umri, kisha akastaajabu. Alikuwa amezoea wageni kutoka Ulaya, si mzee na mkewe kutoka Mombasa. Akatuuliza kwa upole, "Baba, mmekuja kumtembelea nani?" Nikamjibu, "Tumekuja kwako, mama. Tumekuja kulala." Akacheka, akatushika mikono, akatuingiza ndani.

Chumba cha wageni kilikuwa kimoja tu. Kilikuwa chumba cha mtoto wake wa kiume, ambaye ameoa na kujenga kwake. Kuta zilipakwa chokaa. Palikuwa na kitanda cha mbao kilichotengenezwa na fundi wa kijijini, godoro zuri, mablanketi matatu, meza ndogo, jagi la maji yaliyochemshwa, tochi, na misumari mitatu ya kutundika nguo. Choo kilikuwa nje, cha shimo, lakini sakafu yake ilikuwa ya saruji, mlango una komeo, na nje pana ndoo ya maji yenye bomba dogo na sabuni. Usiku alituletea chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, tuiweke miguuni. Nimelala katika hoteli mbili tatu katika maisha yangu, lakini sikumbuki kitanda cha hoteli hata kimoja. Chupa ile naikumbuka.

Asubuhi tulipewa maziwa ya ng'ombe wake, mayai ya kuku wake, viazi, na mkate aliouoka mwenyewe pamoja na jemu ya plamu. Nikamuuliza plamu zinatoka wapi mwezi wa Agosti. Akaniambia, "Plamu huiva kwetu karibu na Krismasi. Wakati huo kila mtu anazo, na debe nikilipeleka sokoni halirudishi nauli. Kwa hiyo nachemsha jemu. Mgeni anaila hapa mezani, na akiondoka ananunua chupa mbili." Mke wangu akaomba kuona sufuria na chupa, na jinsi anavyozichemsha kabla ya kutia jemu ili isiote ukungu. Karibu na Lushoto liko pia shamba la Irente, la Kanisa la Kilutheri, ambalo limejulikana sana kwa jibini, jemu na mkate wake. Wasafiri huenda huko kwa ajili ya vyakula hivyo tu.

Kupokea wageni vijijini hakukuja Usambara kwa bahati. Mpango wa utalii wa utamaduni ulianzishwa kaskazini ya Tanzania katikati ya miaka ya 1990, kwa msaada wa shirika la Kiholanzi liitwalo SNV, na baadaye ukawa chini ya Bodi ya Utalii ya Tanzania. Vijiji vya Usambara, Upare na Kilimanjaro vilikuwa miongoni mwa vilivyoingia. Sehemu ya malipo ya mgeni ilikusudiwa kwenda katika mambo ya kijiji kama vile shule. Kwa hiyo jirani asiyekuwa na chumba naye aona faida ya mgeni kupita, wala hamwonei kijicho mwenye chumba.

Jioni ya pili nilimuuliza mama yule ilikuwaje mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipozuia watu kusafiri. Akasema, "Chumba kilikaa bure. Nikatia humo viazi vya mbegu." Hakusema kwa huzuni. Kabichi ziliendelea kuuzwa, ng'ombe akaendelea kukamwa, na wageni waliporudi alitoa viazi, akapaka chokaa upya.

Nyumba ya vyumba kumi

Mahali petu pa pili, katika njia ya kwenda Kilimanjaro, sitapataja jina. Ilikuwa nyumba nzuri kwa macho, ya ghorofa moja, yenye vyumba kumi na taa za rangi mlangoni. Tulikuwa wageni peke yetu. Chumba chetu kilikuwa na harufu ya kufungwa siku nyingi. Asubuhi tuliletewa mkate wa dukani, majarini, na chai iliyotiwa maziwa ya unga. Mke wangu alichungulia dirishani akaona zizi la ng'ombe, tupu, limejaa viti vibovu.

Mwenye nyumba, mzee wa makamo yangu, alikuja kukaa nasi baada ya chai. Nilipomweleza kazi yetu na ramani ya kijana wetu, alinyamaza, kisha akaleta daftari yake. Zamani alikuwa na chumba kimoja cha mgeni katika shamba la migomba na kahawa. Wageni walimsifu, akakopa, akajenga. Ili kupata kiwanja alikata migomba. Ili kumalizia paa aliuza ng'ombe. Mwaka 2019 mambo yalikwenda vizuri. Mwaka 2020 wageni wakakoma, lakini deni halikukoma, naye hakuwa tena na maziwa ya kuuza wala ndizi za kula. Ekari mbili zilikwenda kulipa.

Alinionyesha hesabu ya mwaka uliotangulia safari yetu. Mwezi wa Agosti vyumba vyake vililaliwa usiku 52, kwa jumla ya vyumba vyote. Mwezi wa Aprili, masika, usiku 2. Mwezi wa Mei, usiku 1. "Benki," akasema, "haina masika." Nilipotaka kumlipa zaidi ya bei yake alikataa. Alisema nimlipe kwa kumwonyesha kijana wangu kurasa zile, akaniruhusu kuzinakili. Nilikuwa karani, nikazinakili vizuri.

Kahawa tuliyoitwanga wenyewe

Mahali pa tatu palikuwa Marangu, chini ya mlima Kilimanjaro, kwa mzee mmoja wa Kichagga na mkewe. Shamba lao, ambalo wao huliita kihamba, ni dogo kuliko letu mara nyingi, nalo linalisha watu wengi. Migomba iko juu, kahawa iko chini ya kivuli chake, na chini kabisa kuna magimbi na mboga. Mfereji uliochimbwa na wazee wao waleta maji kutoka mlimani. Ng'ombe hatoki bandani. Analetewa majani na vigogo vya migomba, na samadi yake yarudi kwenye migomba. Hapana kinachopotea.

Humo walikuwamo pia wageni wawili vijana, mume na mke kutoka Uholanzi. Kumbe wale ndio walioomba jembe asubuhi ya kwanza. Mzee aliwapa jembe moja na panga moja, akawaonyesha palipo na magugu, na saa moja baadaye yule mume alikuwa na malengelenge viganjani na furaha usoni. Nikamuuliza mzee kama haoni haya kumtumikisha mgeni aliyelipa. Akajibu, "Mwanangu, huko kwao alikuwa anakaa ofisini kutazama karatasi. Hapa amelima mstari mmoja wa magimbi, na mstari ule atausimulia mpaka atakapozeeka. Mimi nitautengeneza kesho." Nami kwa umri wangu kuitwa mwanangu kulinifurahisha.

Kisha ikaja zamu ya kahawa. Mwezi wa Agosti ni wakati wa kuchuma huko. Mzee alituchagulia punje nyekundu tu, tukazimenya kwa mashine ya mkono. Akatuonyesha kahawa nyingine iliyokwisha chachuka, ikaoshwa na kukauka juani. Hiyo tuliitwanga katika kinu kuondoa ganda, tukaipepeta, tukaikaanga juu ya moto wa kuni mpaka ikawa nyeusi na kutoa mafuta, tukaitwanga tena ikawa unga. Nilimwambia mzee kwamba miaka 31 nimehesabu magunia ya kahawa Kilindini, na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kushika mchi. Akanipa mchi wa pili ulio mzito zaidi.

Chai ya asubuhi pale haikuwa chai. Ilikuwa kahawa hiyo, pamoja na mtori wa ndizi na nyama, na parachichi la mtini. Wageni wale wa Uholanzi walinunua kilo mbili za kahawa iliyokaangwa. Mzee ni mwanachama wa ushirika, katika nchi ambayo chama chake kikuu, KNCU, kiliundwa mwaka 1933, na sehemu kubwa ya mavuno yake huenda kwa njia hiyo. Lakini kilo hizo chache anazouza mezani mwake, zimekwisha menywa, kukaangwa na kufungwa, humpa bei ambayo kahawa mbichi haimpi.

Hesabu yetu

Tulirudi kwa njia ya Taveta na Voi hata Mombasa. Kijana wetu alikuja kutulaki kwa shangazi yake, tukaketi barazani, nami nikatoa daftari. Niliandika hivi:

Mkopo wa shilingi milioni 2, kwa riba ya 16 kwa mia kwa mwaka, ukilipwa kwa miaka 5, ni kiasi cha shilingi 48,600 kila mwezi. Vyumba 8 vyahitaji watumishi wawili, tuseme shilingi 15,000 kila mmoja, jumla 30,000. Hivyo ni shilingi 78,600 kila mwezi kabla ya maji, stima na matengenezo. Tukimtoza mgeni na mkewe shilingi 2,500 kwa usiku pamoja na chai ya asubuhi, na tukitumia shilingi 600 kwa chakula, sabuni na kufua mashuka, zinabaki 1,900. Basi twahitaji vyumba vilaliwe usiku 42 kila mwezi, ndipo tutoke bila faida wala hasara.

Kijana akasema, "Baba, vyumba 8 kwa siku 30 ni usiku 240. Hiyo 42 ni kitu gani?" Nikamfungulia kurasa za yule mwenye vyumba kumi: Agosti 52, Aprili 2, Mei 1. Akazisoma mara mbili. Alikasirika, maana ramani ile aliilipia kwa pesa zake mwenyewe, na siku tatu hakunipigia simu. Siku ya nne alipiga akauliza, "Chumba cha dada kina upana gani?"

Wakulima wa nchi nyingine wamefika hapo kabla yetu. Ufaransa, chama cha nyumba za mashambani za kupangisha wageni kiliundwa mwaka 1955, na mahali pengi zilitumiwa nyumba za kale zilizokuwapo tayari. Italia ilitunga sheria mwaka 1985 juu ya wakulima wanaopokea wageni. Sheria hiyo ilitaka ukulima ubaki kuwa kazi kuu, na wageni wawe nyongeza. Naona Wataliano waliwajua watu kama mimi, wepesi wa kuuza ng'ombe ili kumalizia paa.

Tulivyoanza

Tulichukua chumba cha binti yetu aliyeolewa. Godoro, chandarua, mashuka, chokaa, mlango mpya wa choo, sakafu yake ya saruji na tangi dogo la maji, vyote vilitugharimu shilingi 46,000, pesa zetu wenyewe. Hati ya shamba iko sandukuni.

Wageni wetu wa kwanza walikuwa mwalimu na mkewe kutoka Nakuru, waliokuja pwani kwa gari la moshi. Mke wangu alihangaika usiku kucha. Alitaka nimtafutie soseji na mkate wa siagi, kwa kudhani kuwa mgeni hatakula chakula chetu. Nikamkumbusha Lushoto. Basi asubuhi akaweka mezani mahamri, mbaazi za nazi, mayai, machungwa, madafu, na chai ya maziwa yenye iliki. Isipokuwa unga, majani ya chai, sukari na iliki, vyote vimetoka shambani. Walikula mpaka sahani zikawa nyeupe. Yule bibi akaomba kufundishwa kukuna nazi kwa mbuzi, na walipoondoka walibeba kilo mbili za korosho.

Makosa hayakukosekana. Tulisahau kuweka tochi, na mwalimu usiku alipotea njia ya choo akaingia katika banda la kuku. Kuku walipiga kelele mpaka jirani akaja na rungu. Kesho yake nilinunua tochi.

Katika miezi mitatu ya kwanza chumba kimelaliwa usiku 11. Kwa hesabu yetu ya shilingi 1,900 kila usiku, ni shilingi 20,900. Gharama zetu hazijarudi zote, na sitawadanganya kwamba tumetajirika. Lakini hatudaiwi na mtu. Masika yakija na wageni wasije, tutatia mbaazi katika chumba kile.

Mambo ya kushika

Mkulima mwenzangu atakaye kujaribu, nampa mashauri haya:

1. Anza na chumba ulicho nacho. Usikate mti unaozaa wala usiuze mnyama kwa ajili ya mgeni ambaye hujamwona.

2. Choo kwanza, kitanda baadaye. Choo kiwe na sakafu ngumu, komeo, maji na sabuni. Njia yake iwe na taa.

3. Maji ya kunywa yachemshwe. Chandarua kisiwe na tundu. Mashuka yafuliwe kila mgeni aondokapo.

4. Mezani weka mazao yako, na mazao mengine uyatengeneze yapate kudumu: jemu, achari, korosho zilizokaangwa, asali. Mgeni hununua alichokwisha onja.

5. Mwonyeshe mgeni kazi. Akitaka jembe mpe, lakini usimlazimishe.

6. Taja bei kabla ya mgeni kutua mzigo, nayo iwe ile ile kwa Mzungu na kwa Mwafrika.

7. Weka daftari. Andika kila usiku na kila senti, hasa katika miezi mibaya.

8. Fuata sheria. Sheria ya Utalii ya Kenya ya mwaka 2011 imezitaja nyumba za namna hii miongoni mwa biashara zinazohitaji leseni, na wanaohusika ni Mamlaka ya Kusimamia Utalii. Ulizia pia kibali cha kaunti, na mjulishe chifu wako.

9. Mshirikishe jirani. Mayai yako yakipungua nunua kwake, na mgeni akitaka kutembea mpe kijana wake kazi ya kumwongoza.

Mwezi uliopita nilikwenda Kilindini kuwasalimu makarani wenzangu wa zamani. Meli ya kahawa ilikuwa gatini. Nikasimama kidogo kuyatazama makontena, na viganja vyangu vikanikumbusha ule mchi mzito wa Marangu. Kisha nikawahi feri, maana jioni ile tulikuwa tunatazamia wageni, na ng'ombe bado hajakamwa.